Injini Iliyovutwa na Maksai Wanne

Ninyi vijana wa gereji za stendi mna tabia moja inayoniudhi na kunichekesha kwa pamoja. Pikipiki ikizama mtoni, mnanipigia simu. Nasikia huko nyuma kiki inapigwa, kra, kra, kra, na mtu ananiuliza, "Mama Kulwa, imeingia maji, tufanye nini?" Sasa mwanangu, unaniuliza nini na mguu wako tayari uko kwenye kiki? Acha kwanza! Shuka! Nimeshastaafu mimi, magoti yangu hayachuchumai tena, nina bustani yangu ya mchicha hapa Bariadi na inanitosha. Lakini kwa hilo la kiki naweza kutoka na fimbo nikawafuata huko huko.

Basi leo nitasema mara moja, msikie wote, halafu simu muwe mnanipigia za salamu.

Ndani ya silinda kuna hewa, na pistoni ikipanda inaibana hiyo hewa. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Yakijaa juu ya pistoni na wewe ukalazimisha, lazima kitu kingine kikubali badala yake, na kitakachokubali ni konrodi, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni kutoka chini. Unapinda. Ukishapinda, umetoka kwenye kazi ya nusu siku, umeingia kwenye kazi ya wiki. Kwa hiyo pikipiki iliyozama inafunguliwa plagi kwanza, mengine baadaye. Mwalimu wangu, Fundi Nkwabi, hakuamini hata ukimwambia umeshaifungua. Alikuwa ananyoosha kiganja na kusema, "Iweke hapa niione."

Fundi Nkwabi alianzia kwenye mashine za kuchambulia pamba, ndipo akahamia kwenye pikipiki. Mimi sikuwa fundi wa chochote. Nilikuwa nauza uji pembeni ya uzio wa gereji yake, mapacha wangu Kulwa na Doto wakicheza miguuni, na kutwa nzima nasikiliza injini kwa sababu hapakuwa na kingine cha kusikiliza. Siku moja akamkabidhi mteja pikipiki, ikaondoka. Nikamwambia, "Fundi, ile itarudi. Inakohoa ikibadilishwa gia." Akanijibu nikoroge uji wangu. Jioni ikarudi inasukumwa. Kesho yake akaja kibandani, akaagiza kikombe, akanywa chote, kisha akasema, "Mayu, masikio yako yanapotea bure kwenye sufuria." Mayu ni mama kwa Kisukuma, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine.

Watu walisema, usifikiri hawakusema. Mwanamke amechuchumaa kwenye oili! Wengine walipita gereji makusudi waje kuniangalia, wasalimie, waondoke. Nilizoea. Na ule uji haukupotea bure, kwa sababu mara ya kwanza Fundi Nkwabi alipomwaga oili ya injini iliyokunywa maji aliniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia, "Naona uji wa maziwa." Alicheka mpaka akakaa chini. Lakini ndivyo ilivyo, jamani. Oili ikichanganyika na maji inakuwa nyeupe na nzito. Ukichomoa kile kijiti cha kupimia ukaona uji, usiiwashe. Mwaga yote. Weka oili ya bei rahisi na dizeli kidogo, zungusha taratibu kwa mkono plagi ikiwa nje, mwaga tena. Rudia mpaka itoke oili, uji uishe. Kuna mafundi humwaga mara moja wakaridhika. Hao ndio wanaotuletea sisi wateja.

Makosa nami nimeyafanya, tena ya aibu. Bwana mifugo mmoja aliniletea pikipiki yake ya porini, zile ndefu zenye matairi ya meno, ilizama kwenye korongo. Nikaifanyia kila kitu nilichofundishwa. Ikabaki kabureta, ina matone ya maji ndani, nami nikataka niikaushe kweli kweli, nimfurahishe mwalimu. Ulikuwa msimu wa kuvuna, magunia ya pamba yamejaa barabarani kote. Nikachomoa fungu moja, jeupe, safi, nikafuta kabureta ndani mpaka ikang'aa. Ikawaka mara moja. Ikaenda mpaka darajani, ikazima. Nikaipuliza, ikawaka, ikazima. Siku tatu! Mwisho Fundi Nkwabi akatoa jeti, kile kitundu chembamba petroli inapopita, akakiinua juani, akafumba jicho moja. "Mayu," akasema, "umepanda pamba kwenye kabureta. Tungoje ichanue?" Uzi mmoja tu wa pamba, hata huuoni, ulikuwa umekaa pale kwenye jeti.

Akamwambia kila mtu. Mwaka mzima wateja waliniuliza kama nimeshapalilia. Kwa hiyo ninyi watoto wa nchi ya pamba, najua mikono yenu inakimbilia pamba kwa kila kitu, kidonda, sikio, taa ya kibatari. Kabureta hapana. Kabureta ni pampu ya baiskeli na jua, basi.

Sasa niwape ya Masanja, maana hiyo ndiyo ninayotaka mwondoke nayo.

Wakati huo Fundi Nkwabi alikuwa ameshafariki na gereji ilikuwa mikononi mwangu. Masanja alikuwa kijana wa hapa hapa Bariadi, mkulima wa pamba na dengu, mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga mguu anakuomba radhi yeye. Alikuwa anataka kumwoa Kabula, fundi cherehani wa pale sokoni, binti mwenye ulimi wake na mkasi wake. Baba yake Kabula, Mzee Jilala, alikaa kijiji kimoja mbele ya Lagangabilili, mtu wa ng'ombe wengi na maneno mafupi. Shida ilikuwa mahari. Ukame ulikuwa umemmalizia Masanja ng'ombe, amebakiwa na wachache. Wazee wakakaa, wakakubaliana hivi: atoe ng'ombe sita walio hai, halafu pikipiki yake ya porini isimame mahali pa ng'ombe wanne waliopungua. Mzee Jilala aliitaka kweli ile pikipiki, maana mifugo yake ililishwa mbali na miguu yake ilikuwa imechoka kuifuata. Ng'ombe sita wakapelekwa. Ikabaki pikipiki, Masanja aipeleke mwenyewe.

Jumatano asubuhi nikaiona inashushwa gerejini kwangu kutoka kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, tope mpaka kwenye taa.

"Mwangaluka, mayu," Masanja akanisalimia.

"Mwangaluka. Umepiga kiki?"

"Sijagusa."

"Masanja."

"Haki ya Mungu, mayu, sijagusa. Si ulishatukataza?"

Nikamwamini. Nikafungua plagi, maji yakachuruzika. Tukaisimamisha kwa gurudumu la nyuma, watu wawili wakaishikilia, ekzosi ikamwaga maji kama ndoo, na kwenye maji hayo kakatoka kachura, kazima kabisa, kakaruka kakaenda zake. Tulicheka. Oili nikaikuta uji, nikasafisha mara tatu. Mpaka hapo kazi ilikuwa ya kawaida na nilikuwa naimba.

Halafu nikashika kiki kwa mkono, nikaizungusha taratibu. Ikaenda, ikaenda, ikafika juu, gri. Kitu kinakwaruza. Nikaacha kuimba. Nikafungua kichwa cha injini, nikaitazama pistoni. Ikifika juu kabisa inatakiwa iwe sawa na ukingo wa silinda. Ile ilikuwa imeishia chini, imepungua kiasi cha ukucha wa kidole cha mwisho. Vijana, mkiona pistoni imekuwa fupi, mjue haijafupika yenyewe. Konrodi imepinda.

Nikasimama na spana mkononi. Hasira zangu mnazijua.

"Umenidanganya! Konrodi haipindi kwa kutazamwa! Mtu amepiga kiki hapa, tena kapiga kwa nguvu zote!"

"Mayu, sikupiga."

"Basi imepindwa na kachura?"

Akainama. Nikamzunguka, nikaizunguka pikipiki, ndipo nikaona. Kwenye shokapu za mbele rangi ilikuwa imekwanguliwa na mnyororo, pande zote mbili, na mnyororo mnene wa namna ile huku kwetu ni wa plau. Nikapunguza sauti. "Masanja, ilivutwa?" Akaitikia kwa kichwa. "Ilivutwa na nani?" Akatazama viatu vyake, akasema kwa sauti ya kunong'ona, kana kwamba mtu wa Lagangabilili angemsikia.

"Na mkwe."

Alikuwa anaipeleka. Mto uliopo kabla ya kufika kwa Mzee Jilala ulikuwa umepungua, akaingia na gia ya kwanza, taratibu, anavyojua. Katikati kulikuwa na shimo ambalo wiki iliyopita halikuwepo. Injini ikazima, pikipiki ikalala, maji yakaingia. Yeye akatoka, akajua asiguse kitu mpaka afungue plagi. Lakini Mzee Jilala alikuwa analima karibu, akaona kila kitu. Akaja na maksai wake wanne, akafunga mnyororo wa plau kwenye shokapu, akawachapa. Pikipiki ikiwa bado kwenye gia! Mnaelewa? Gurudumu lilikuwa linakokotwa kwenye mchanga bila kuzunguka, maksai wakaongeza nguvu, mara ndani pakalia tok, gurudumu likaanza kuzunguka. Kiki ni mguu wa mtu mmoja. Ile ilikuwa miguu kumi na sita.

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Pale pembeni."

"Ukaona iko kwenye gia?"

"Niliona."

"Ukanyamaza!"

"Mayu, yule ni mkwe. Ningemwambiaje? Baba, umekosea?"

Nikakaa kwenye kigoda changu. Hapo sikuwa na la kumtukana, maana mnajua wenyewe. Mkwe huku kwetu hata kumtazama usoni ni kazi, sembuse kumwamrisha mbele ya wachungaji wake, na mahari haijakamilika. Unasimama hatua kumi, umeinamisha macho, unasubiri uulizwe. Nikamwambia angalau amtume mshenga akaeleze. Akasema mshenga ni mpwa wake Mzee Jilala, anamwogopa kuliko yeye.

Na Mzee Jilala alipoona pikipiki imefika nchi kavu na haiwaki, akatoa neno. Huyu ng'ombe ni mgonjwa. Jumamosi arudishwe hapa, wazee wamkague. Akisimama kwa miguu yake na kunguruma, sawa. Asiposimama, Masanja achukue ng'ombe wake sita arudi nao kwao, kwa sababu mtu anayeanza kwa kuleta mgonjwa atamaliza na nini? Na kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa Binza, kule Maswa, ambaye alishapeleka salamu nyumbani kwa Kabula mara mbili. Hilo nalo kila mtu alilijua.

Konrodi mpya Bariadi haikuwepo. Nikapiga simu Mwanza, wakasema ipo, lakini kwa basi itafika wiki ijayo. Jumamosi ilikuwa imebakiza siku tatu tu.

Alhamisi Kabula mwenyewe akaja. Ameleta michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga kwenye bakuli, ameweka juu ya meza yangu ya spana bila hata kuuliza. Akakiangalia kile chuma kilichopinda.

"Hiki ndicho kinachotaka kunizuia kuolewa?"

"Ndicho."

"Si unakinyoosha tu, mama? Mimi nikipinda sindano nainyoosha nashona."

"Ukishainyoosha inashona mpaka lini?"

"Mpaka jioni." Akavuta pumzi. "Mama, mimi nataka jioni moja tu. Jumamosi iwake mara moja, wazee wasikie, waseme ndiyo. Baada ya hapo ife. Tutaijua wenyewe." Na macho yakamjaa machozi, yeye Kabula, ambaye wateja wa soko zima wanamwogopa.

Nakiri kwenu. Alipoondoka niliiweka ile konrodi kwenye fuawe, nikashika nyundo. Ningeweza. Mkono wangu ulikuwa na uwezo huo, na huruma ilikuwa imenijaa mpaka hapa. Lakini kwa konrodi iliyonyooshwa pikipiki itawaka Jumamosi, chuma kitakatika Jumatatu, kitatoboa injini kwa pembeni na gurudumu la nyuma litakamata ghafla. Fundi Nkwabi alishanionyesha injini iliyotobolewa hivyo, na aliniambia mwenye pikipiki hakurudi kuichukua. Na Jumatatu ile nani angekuwa juu yake? Mzee mwenye miguu iliyochoka. Nikaitupa nyundo chini na kulia nikalia, machozi ya hasira zaidi kuliko ya huzuni. Masanja alikuwa ameniomba kitu kimoja, nisiwataje maksai wa mkwe, kwa sababu kumwaibisha mbele ya wazee wake ni kuvunja kila kitu. Nikisema ukweli, harusi imekufa. Nikinyamaza, harusi imekufa. Nilikula michembe yote peke yangu nikifikiri.

Jumamosi tukapanda kirikuu, pikipiki ikiwa imefungwa nyuma, mimi mbele na konrodi nimeiviringisha kwenye khanga. Masanja alikuwa amevaa shati la harusi bila harusi.

Wazee watano walikuwa wamekaa mbele ya zizi. Tukasalimiana vizuri, mhola, mhola, watoto, mvua, mashamba. Wakanitazama, mwanamke na mikono ya oili. Aliyekuwa mkubwa wao, Mzee Limbu, akauliza, "Huyu ndiye daktari wa ng'ombe?" Nikasema ndiye.

Basi wakaanza ukaguzi. Jamani, sijawahi kucheka moyoni hivyo siku nimejaa hofu. Mmoja akaminya kiti kama anavyominya mgongo wa fahali kutafuta mafuta. Mwingine akainama, akaangalia tairi kwa makini, akasema kwato ni nzuri. Mzee Limbu akauliza ana umri gani. Masanja akajibu kwa kuinamisha macho, "Miaka saba." "Na meno?" Nikamwonyesha meno ya sproketi ya nyuma, pale mnyororo unapokaa, akayapapasa kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kwamba bado yana makali. Mzee Jilala hakucheka. Alikuwa amesimama na fimbo.

"Inawaka?" akauliza.

"Haiwaki, baba," nikasema.

Minong'ono ikapita. Mzee Jilala akageuka kama mtu aliyemaliza shauri. Nikaharakisha, nikafungua khanga, nikamwekea Mzee Limbu konrodi mapajani. Nikamwambia huo ndio mfupa uliovunjika. Wakaupitisha mkono kwa mkono. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, chuma kilikuwa kimepinda na macho yanaona.

"Chuma hiki kinapindwa na nini?" Mzee Limbu akauliza. "Hata nyundo ingepata taabu."

Njia nzima nilikuwa natafuta jinsi ya kuwaeleza, na hapo hapo nikaiona. Kwenye nguzo ya zizi palikuwa pamening'inia mfuko wa dawa za mifugo. Nikaomba bomba la sindano, lile kubwa la kuchomea ng'ombe. Nikalivuta likiwa tupu, nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikampa Mzee Limbu asukume. Likaingia, likarudi. "Hiyo ni hewa," nikasema. Nikavuta maji, nikaziba, nikampa tena. Akasukuma. Akatumia mikono miwili. Halikusogea. Kila mzee akataka ajaribu, wakawa wananyang'anyana bomba kama watoto, wanakunja uso, wanasukuma, maji hayasogei. Mwisho likafika kwa Mzee Jilala. Akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama.

"Injini hii ilijaa maji hivyo hivyo," nikasema. "Mtu mmoja asingeweza kuisukuma. Ilikuwa kwenye gia, gurudumu limeshikana na injini, halafu ikavutwa na nguvu kubwa sana. Maji yalikataa. Chuma kikakubali."

Sikusema zaidi. Sikumtaja mtu, sikumtaja mnyama. Nikatazama chini.

Mzee Jilala hakuliweka lile bomba chini. Alilitazama, akamtazama Masanja.

"Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Mbona hukusema?"

Alijibu Mzee Limbu, kwa hasira kabisa. "Angesemaje, Jilala? Wewe uliwahi kumwambia mkwe wako nini? Mimi nilikuwepo! Mkwe wako alikalia kofia yako sherehe nzima, ukarudi nyumbani kichwa wazi!"

Wazee wakapasuka kwa kicheko. Mzee Jilala akajaribu kujizuia, mdomo ukamshinda. Akaketi. Kisha akasema, kwa sauti ambayo wote walisikia, "Maksai ni wangu. Mnyororo ni wangu. Aliyewachapa ni mimi."

Nilimpenda mzee yule saa ile, nawaambieni kweli. Si rahisi kusema hivyo mbele ya wenzako.

"Kama ulimfunga kwa kamba yako," Mzee Limbu akasema, "ulishampokea. Ng'ombe akivunjika mguu akiwa kwenye kamba yako, utamrudishia nani?"

"Simrudishi," akasema Mzee Jilala. "Ni wangu tangu mtoni. Mgonjwa ni wa kwangu, nitamuuguza mwenyewe." Akanigeukia. "Mayu, huo mfupa mpya unafika lini?"

Nikasema wiki ijayo. Nyuma ya ukuta wa jikoni nikasikia mtu anaangusha sufuria, na kisha Kabula anaambiwa na mama yake atulie.

Konrodi ikaja, nikaifunga vizuri, gasketi mpya, oili mpya, nikaiwasha na kuizima na kumwaga ile oili na kuweka nyingine. Jumamosi iliyofuata ndiyo ikawa siku ya kumuaga Kabula. Watu wengi, sufuria tatu za pilau mekoni uani, kina mama wamezizunguka. Tukaishusha pikipiki kutoka kwenye kirikuu, ikasimama imetazama jikoni. Na hapa niwape kosa langu la mwisho. Nilikuwa nimeiacha kwenye gia ya kwanza ili isiteleze njiani, na kwa furaha nikasahau kuitoa.

Mzee Jilala akakataa mtu mwingine kuiwasha. Ng'ombe ni wake. Akavua koti, akampa Mzee Limbu, akapanda, akainua mguu juu ya kiki kwa nguvu zake zote zilizobaki, mbele ya ukoo mzima, mbele ya zile sufuria tatu.

"Baba! Gia!"

Uwanja mzima ukaganda. Ilikuwa sauti ya Masanja, na haikuwa ya kunong'ona. Kina mama wakashika midomo. Mimi mwenyewe nilikuwa na mkono kichwani. Mzee Jilala akabaki mguu hewani, akageuza shingo taratibu, akamtazama bwana harusi. Na Masanja, ambaye tangu posa ianze hakuwahi kuinua macho, akamtazama.

"Iko kwenye gia, baba. Ukiipiga itaruka. Itoe kwanza."

Mzee Jilala akashusha mguu. Akatafuta gia kwa kidole cha kiatu, ikalia tik. "Hivi?"

"Hivyo hivyo, baba. Sasa piga."

Akapiga mara moja, mara mbili, ya tatu ikawaka, safi, bila kukwaruza hata kidogo. Kabula akapiga kigelegele yeye mwenyewe, bibi harusi, kabla ya mtu yeyote, na kina mama wakamfuata. Mzee Jilala akazungusha mkono wa mafuta, ikanguruma, akamnyooshea Masanja kidole, akapaza sauti juu ya kelele yote ile.

"Sauti hiyo ungeitoa kule mtoni, saa hizi ungekuwa umeshaoa wiki nzima!"